Jozi Moja ya Bluu

Nilifua mashuka ya hoteli na nguo za wageni kwa miaka ishirini na mbili, na katika miaka hiyo yote hakuna shati jeupe lililotoka mikononi mwangu na doa la waridi. Nalisema mapema ili msije mkanidhania mtu wa ovyo. Nyeupe na nyeupe, rangi na rangi, nyeusi peke yake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yangu, na ndiyo iliyokaribia kuniponza.

Hoteli ilipofungwa, nilikaa nyumbani miezi minane nikifuta vumbi ambalo halikuwapo. Mwanangu alinivumilia. Mkewe, ambaye ni fundi wa faiba, alifanya zaidi ya kunivumilia: alikwenda kwa bosi wake akamwambia kwamba stoo yao imegeuka jalala, na kwamba anamjua mtu anayeweza kuinyoosha. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nikapewa miezi mitatu ya majaribio na bunda la funguo lenye uzito wa jiwe la kilo.

Hapa niseme ukweli mwingine, ingawa haunipendezi. Miaka sita iliyopita, mkwe wangu alipoingia kwetu, niliuliza mbele za watu kwamba mwanamke wa kupanda ngazi na nguzo atampikia mwanangu saa ngapi. Alisikia. Hakujibu kitu. Tangu siku ile alikuwa na adabu iliyonyooka kama shuka lililopigwa pasi: shikamoo mama, asante mama, mchuzi mtamu mama. Hakunipinga hata kwa kukohoa. Na mimi, kichwa maji, nikawa nawatambia majirani kwamba nimepata mkwe mwenye heshima zake.

Stoo ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, rafu za chuma pande mbili, na kebo zilizosokotana kama nywele za mtoto anayekimbia kitana. Mkwe alinifundisha jioni mbili, akisimama kando, mikono nyuma, utadhani mimi ndiye mwalimu.

"Mama, ndani ya kebo hizi hamna shaba. Ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na kinachopita ndani yake ni mwanga. Kwa hiyo usiikunje kama kitambaa cha mezani. Izungushe duara pana, kama mkufu. Ukiikunja sana, mwanga unamwagikia njiani."

"Na rangi hizi?"

"Ya njano ni ya safari ndefu, toka jengo hadi jengo, hata mji hadi mji. Ya chungwa ni ya karibu, humo humo ndani. Hazichanganywi. Rangi ndiyo lugha ya faiba, mama."

Hayo maneno yaliniingia kama sabuni kwenye pamba. Rangi! Kumbe nilikuwa nimesomea kazi hii miaka ishirini na mbili bila kujua. Kwa wiki mbili nilipanga njano na njano, chungwa na chungwa, na watu wakaanza kuingia stoo ili tu kutazama.

Kisha nikafika kwenye moduli. Moduli ni kidude cha chuma, urefu wa kidole cha shahada, kinachochomekwa kwenye swichi, lile boksi la kugawia mtandao. Umeme unaingia upande mmoja, kinaugeuza mwanga na kuutupa kwenye uzi. Mwanga ukija kutoka ng'ambo, kinaugeuza umeme. Bila hicho, kebo yako ni kamba ya kuanikia nguo. Zilikuwa thelathini na mbili, kila moja na mshikio mdogo wa rangi, bluu au njano, na zilikuja mbili mbili katika viboksi: bluu moja, njano moja, bluu moja, njano moja.

Nikajiuliza, ni mvivu gani wa kiwandani aliyechanganya rangi namna hii? Nikazitoa zote. Bluu kumi na sita kwenye droo ya juu, njano kumi na sita kwenye droo ya chini. Viboksi nikavibapisha nikaviweka chini ya meza, maana kwangu boksi halitupwi.

Jioni ile nikamwambia mkwe, "Na vile vidogo nimeshavipanga."

Alikuwa mlangoni na kofia yake ya kazi mkononi. Akaitazama droo iliyofungwa. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Asante sana, mama," akasema, akaenda zake.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Majaribio yangu yalikuwa yaishe Ijumaa, nami nilikuwa nimejihesabia nimeshapita. Siku hiyo mkwe alikuwa anasimamia kazi peke yake kwa mara ya kwanza: kuunganisha majengo mawili ya hospitali yaliyotenganishwa na barabara kubwa. Mashine ya kupiga picha za mifupa na vifua ilikuwa jengo jipya, daktari wa kuzisoma alikuwa jengo la zamani, na katikati kulikuwa na tarishi aliyevuka barabara na bahasha kwapani mara arobaini kwa siku. Waliochimba barabara walikuwa wamekata nyuzi zote za kioo zilizopita chini isipokuwa mmoja. Uzi huo mmoja ulitakiwa kupeleka mwanga na kuurudisha, na kufika saa sita mchana uwe unafanya kazi.

Bosi wetu tulimwita Dakika Mbili, kwa sababu hakuna jambo duniani, hata ujenzi wa daraja, ambalo kwake lilihitaji zaidi ya hapo. Alikuwa na shaka na usimamizi wa mkwe wangu tangu mwanzo, ndiyo maana aliamua kuongozana naye.

"Mama, naomba jozi moja ya moduli za kilomita kumi," mkwe akaniambia asubuhi.

Jozi! Neno langu hilo. Nikafungua droo ya juu, nikachagua bluu mbili zinazofanana kama hereni. Nikaitia kila moja kwenye bahasha yake ya kaki, nikazifunga kwa gundi, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: JENGO LA ZAMANI, JENGO JIPYA. Dakika Mbili akachukua ya kwanza, mkwe akachukua ya pili. Nikawapungia mkono kama ninayewaaga waendao ng'ambo.

Saa tano kasorobo simu ya stoo ikalia. Alikuwa Dakika Mbili.

"Mama, una kebo fupi ya njano, ya mita tatu? Mpe dereva ailete haraka. Mkweo amekwama."

"Amekwama vipi?"

Alikuwa ameshageukia upande mwingine bila kukata simu, nami nikasikia kila kitu.

"Mwanga unatoka kule, unafika hapa. Unatoka hapa, unafika kule. Kipimo kinasoma vizuri. Sasa kwa nini swichi haioni kitu? Umesafisha ncha?"

"Nimesafisha mara tatu, bosi." Hiyo ilikuwa sauti ya mkwe, ndogo sana.

"Umekagua kama kebo imekunjika?"

"Nimeipitia yote."

"Basi mimi ningeimaliza kwa dakika mbili! Saa sita isipowaka, kesho usimamizi nampa mwenzako. Wewe utarudi kushika ngazi."

Nikakata simu. Moyo uliniuma, siwezi kuficha. Mtoto wa watu alikuwa amesubiri siku hiyo miaka minne, na usiku uliotangulia alikuwa amepiga pasi sare yake mwenyewe, vibaya, nami sikumsaidia.

Nikainama chini ya meza kutafuta kitu cha kufungia ile kebo. Mkono ukaangukia kiboksi nilichokibapisha. Kwenye kifuniko chake kulikuwa na mchoro ambao sikuwahi kuutazama: kidude chenye mshikio wa bluu kushoto, cha njano kulia, uzi mmoja katikati, na mishale miwili inayopishana. Chini ya bluu, namba mbili za aina za mwanga: inatuma kwa 1310, inapokea kwa 1550. Chini ya njano, namba zile zile, zimegeuzwa.

Nikakaa sakafuni. Uhandisi sikusoma, lakini soksi nimepanga maelfu. Hizi zilikuwa soksi ambazo mguu wa kulia una rangi yake na wa kushoto una rangi yake, na mimi nilikuwa nimeitenga miguu yote ya kulia na miguu yote ya kushoto. Uzi ni mmoja, kwa hiyo mmoja huongea kwa namba moja na kusikiliza kwa nyingine, na mwenzake kinyume chake, ndipo wanapoelewana. Bluu kwa bluu ni watu wawili wanaosema jambo lile lile kwa wakati mmoja, kila mmoja akingoja jibu ambalo mwenzake hana namna ya kulitoa. Ndiyo maana mwanga ulifika. Ulifika kwa asiyeujua.

Dereva akaingia akitafuna kijiti cha meno. Nilikuwa nimeshika moduli ya njano, na uso wangu bila shaka ulisema kila kitu. Nikamweleza kwa maneno matatu.

"Ah, mama, hilo dogo," akasema. "Nipe hiyo njano niende nayo. Nitasema nimeikuta kwenye gari. Wataichomeka, itawaka, yamekwisha. Kesho ni Ijumaa yako, au umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nilisimama pale nikizipima funguo mkononi, na nikiri kwamba nilifikiri. Taa ingewaka. Stoo ingebaki yangu. Na Dakika Mbili angemaliza siku akiamini kwamba mkwe wangu alishindwa kutofautisha bluu na njano, naye asingesema neno, kwa sababu hajawahi kusema neno. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mimi sikutaka kujificha nyuma ya mgongo wa binti niliyemtukana akiwa bibi harusi.

"Washa gari," nikasema. "Tunakwenda wote."

Jengo jipya la hospitali lilinuka rangi mbichi. Nje ya chumba cha picha, kwenye benchi, alikaa fundi cherehani mmoja na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, midomo ameibana. Muuguzi alinieleza upesi: alikuwa ameshika kifungo cha chuma kwa meno, mteja akasema jambo la kuchekesha, kifungo kikaenda. Picha yake ilikuwa imeshapigwa, lakini daktari wa kuisoma alikuwa ng'ambo ya barabara na uzi haupitishi kitu. Tarishi, kwa kuamini ahadi za Dakika Mbili, alikuwa amepewa likizo.

Mkwe alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la swichi, kitambaa cha kusafishia mkononi, akiifuta ncha ya kebo kwa mara ya nne au ya tano. Dakika Mbili alisimama juu yake akitazama saa. Ilikuwa sita kasoro dakika kumi.

"Kosa ni langu," nikasema toka mlangoni, maana nilijua nikikaribia zaidi nitaogopa. "Nilizipanga kwa rangi. Nimewapa bluu mbili."

Nikainua ile njano. Mkwe akaitazama, akatazama ile iliyokuwa kwenye swichi, akageuka.

"Bosi, uliyoweka kule ina mshikio wa rangi gani?"

"Bluu," akasema Dakika Mbili. Kisha, polepole, "Na hiyo?"

"Bluu."

Mkwe akachomoa bluu, akaondoa kifuniko cha njano, akaichomeka. Ikalia *ta!* kama kifungo cha koti. Akarudisha kebo. Tukangoja, sote shingo mbele, hata fundi cherehani alikuwa amekuja kuchungulia. Taa ndogo ya kijani ikapepesa mara mbili, ikatulia.

Haikupita muda simu ya muuguzi ikalia, na sauti ya daktari ikasikika hadi kwetu. "Nakiona! Kifungo hicho, kina matundu manne! Kiko tumboni kimetulia. Mwambieni aende nyumbani, kitatoka chenyewe."

Fundi cherehani akaachia kicheko alichokuwa amekibana tangu asubuhi, na sisi tukacheka naye, na kwa kitambo nikasahau nilichojia. Kisha nikajikaza kisabuni. Nikazitoa funguo mfukoni nikamnyooshea Dakika Mbili.

"Umenipotezea asubuhi nzima, mama," akasema, bado hajazipokea.

Ndipo mkwe wangu akasimama. Uso ulikuwa umemwiva.

"Mama, kwa nini hukuniuliza?"

Alipaza sauti. Miaka sita, na sikujua kama ana sauti ya namna ile. Muuguzi akatoa kichwa mlangoni.

"Nikuulize nini, nawe uliniambia rangi ndiyo lugha?" nikajibu. "Na wewe je? Ulisimama mlangoni pangu, ukafungua mdomo, ukaufunga. Ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kufungua droo!"

"Ukakatazwa na nani?"

"Ungesema nakukagua!"

"Ningesema, ndiyo! Ningenuna wiki nzima! Ungefungua hivyo hivyo!"

"Jamani, dakika mbili..." akaanza bosi.

"Subiri!" tukamwambia wote wawili, kwa pamoja.

Akasubiri. Mkwe alikuwa anapumua kama aliyepanda ngazi mbio. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, na mimi pia.

"Hata bahasha," akasema, sauti sasa imeshuka. "Ningeuliza rangi tangu saa nne. Ndilo swali la kwanza mtu analouliza. Lakini nikaona mwandiko wako mzuri, umefunga kwa gundi, nikaona haya. Nikasema, mama hawezi kukosea. Basi nikaanza kuilaumu kebo."

"Mama anakosea," nikasema. "Alikosea siku ya kwanza ulipoingia kwake, na hajawahi kukuomba radhi. Nisamehe, mwanangu."

Akanishika mkono kwa mkono wake ulionuka spiriti ya kusafishia, akaukaza, na hatukuuachia upesi.

Dakika Mbili akakohoa. Akazitazama funguo, akanisukumia mkono uliozishika.

"Kesho asubuhi nikute kila kimoja na mwenzake," akasema. "Na huyu akague."

"Nitakagua," akasema mkwe.

Na kweli alikagua. Nilikuwa nimezifunga jozi kumi na tano kwa uzi wa kushonea, bluu na njano, mgongo kwa mgongo, na siku hizi mafundi hawaombi jozi kwangu, wanaomba ndoa. "Mama, nipe ndoa mbili za kilomita kumi." Lakini Ijumaa ile mkwe alivaa miwani, akazipitia zote, akakuta tatu hazina vifuniko vya vumbi.

"Mama, vifuniko! Punje moja ya vumbi ni kubwa kuliko njia yenyewe ya mwanga!"

"Nimesikia, usinipigie kelele."

"Napiga kelele ili usikie."

Dakika Mbili alipita koridoni, akatusikia, akaongeza mwendo. Nilipata kazi yangu siku hiyo hiyo, na usimamizi ukabaki kwa mwenyewe.

Jumapili tulikula pamoja, kama kawaida. Nilipika mchuzi wangu. Mkwe akachovya, akatia mdomoni, akaweka kijiko chini. Mwanangu akaacha kutafuna.

"Mama," mkwe akasema, "chumvi imezidi."

"Leo?"

Akamtazama mumewe, akanitazama mimi, akapiga moyo konde.

"Tangu mwaka wa kwanza."

Mwanangu akainamia sahani yake, mabega yakimtikisika. Miaka sita! Miaka sita mtoto wa watu anakula bahari, anakunywa maji jagi zima, na kunishukuru juu yake. Nilicheka mpaka nikashika meza, kisha nikainuka, nikachukua sahani zote tatu na kuzirudisha jikoni.

Jumapili iliyofuata nilitia nusu. Akaonja, akafikiri kidogo, akaonja tena.

"Mtamu, mama," akasema.

Nikamwamini.